Kasenga na Mto Uliotulisha

Wasomaji wetu wapenzi, wengi wenu mlioko Lubumbashi huvuka kila siku ule mto mdogo ulioupa mji wetu jina. Watoto huuvuka wakienda shuleni, akina mama wakienda sokoni, na wenye haraka hawautazami hata kidogo. Lakini je, mmepata kujiuliza maji yale huenda wapi?

Wanafunzi, ifungueni ramani, tuufuate mto kwa kidole. Mto Lubumbashi hauendi mbali kabla ya kuingia katika mto Kafubu. Kafubu nao huelekea mashariki, ukapita misitu na vijiji, mpaka unaingia katika mto mkubwa uitwao Luapula. Luapula hupeleka maji hayo kaskazini, ukapita mbele ya mji wa Kasenga, ukaingia katika ziwa Mweru, ambalo katika ramani nyingi za Kongo huandikwa Moero. Basi, maji tuliyofulia nguo huku kwetu, siku moja hupita chini ya mitumbwi ya wavuvi wa Kasenga.

Na wavuvi wa Kasenga, kwa muda wa miaka mingi, wametuletea nini? Wametuletea samaki. Kwa hiyo leo twataka kuwasimulia habari za mji huo na nchi yake, maana kuna fundisho moja kubwa ndani yake, nalo latuhusu sisi sote, walaji na wavuvi.

MTO UNAOZUNGUKA

Kutoka Lubumbashi mpaka Kasenga ni mwendo wa yapata kilomita 200, kuelekea kaskazini-mashariki. Njia hupita katika pori la miti ya miombo, na kando yake magunia ya makala yamepangwa yakingoja wanunuzi. Hufika Kasomeno, mahali ambapo njia hugawanyika: moja yaenda kaskazini kwenye Kilwa na Pweto, nyingine yageukia mashariki kwenda Kasenga. Mji wetu uko juu, kama meta 1,200 kutoka usawa wa bahari. Bonde la Luapula liko chini yake kwa meta mia mbili na zaidi. Kwa hiyo mgeni ashukapo kule husikia joto, na usiku hujifunza upesi sababu ya wenyeji kulala ndani ya vyandarua.

Mto Luapula wenyewe una mwendo wa ajabu. Hutoka katika vinamasi vya ziwa Bangweulu, nchini Zambia. Kwanza hushuka kusini kana kwamba wataka kwenda kwa watu wengine kabisa. Kisha hugeuka magharibi, halafu kaskazini, ukayashuka maporomoko ya Mumbatuta, na baadaye yale ya Mambilima. Baada ya Mambilima mto hutulia. Bonde hupanuka, matete huota pande zote mbili, na mashua zaweza kwenda bila hofu ya mawe mpaka ziwani. Hapo, chini kidogo ya maporomoko, ndipo ulipo mji wa Kasenga, kwenye ukingo wa upande wa Kongo. Mahali pake penyewe ndipo palipoufanya kuwa mji: mashua za ziwani zilipanda mto mpaka pale, nazo motokaa za Lubumbashi zikashuka mpaka pale.

Ziwa Mweru lina eneo la kilomita za mraba zaidi ya 5,000, lakini halina kina kirefu. Maji yake hutokea upande wa kaskazini, penye mji wa Pweto, yakiitwa sasa Luvua. Luvua huingia katika Lualaba, na Lualaba ndio mto Kongo wenyewe. Kumbe, maji ya mto wetu mdogo yana safari ndefu mpaka bahari ya Atlantiki!

KAPU LA UDONGO NA CHUNGU CHA MAJI

Hapo kale wenye bonde hilo walikuwa Washila, watu wa uvuvi, na mkubwa wao aliitwa Nkuba. Katika karne ya 18 walikuja Walunda kutoka magharibi, wakiongozwa na wafalme wenye cheo cha Mwata Kazembe. Namna Walunda walivyoipata nchi husimuliwa hata leo katika pande zote mbili za mto.

Wazee husimulia kwamba Nkuba alikuwa na dada, jina lake Nachituti. Nkuba alimwua mtoto wa dada yake huyo, kisha akaifanya ngozi yake kuwa mkeka wa kukalia. Mama alipogundua, hakulia tu. Alikwenda kwa Mwata Kazembe akamwomba amlipizie kisasi. Kazembe akapiga vita, naye Nkuba akashindwa. Hapo Nachituti akamletea mfalme kapu lenye udongo na chungu chenye maji, maana yake: nchi na maji ni yako sasa.

Wasomaji, tusiyapite maneno haya haraka. Katika nchi nyingine atoaye nchi hutoa udongo peke yake. Katika bonde la Luapula udongo bila maji ni nusu ya zawadi, kwa sababu mashamba ni ya watu na mto nao ni shamba lao. Tena, hata baada ya kushindwa, ukoo wa Nkuba haukuacha kuheshimiwa kama wenye ziwa. Mwenye ziwa hakuwa mtu wa kupokea sehemu yake ya samaki tu. Kazi yake ilikuwa kuwaombea wavuvi na kushika miiko ya maji.

WASAFIRI NA MPAKA

Sifa za Kazembe zilifika mbali. Mwaka 1798 Mreno mmoja, Francisco José de Lacerda e Almeida, aliyekuwa liwali kule Msumbiji, alisafiri mpaka karibu na mji wa mfalme huyo akitafuta njia ya kuivuka Afrika. Akafa huko huko kwa homa. Misafara ya wafanya biashara kutoka pwani ya mashariki ilifika pia, ikitafuta pembe za ndovu na shaba, na biashara ile ilikuwa na dhambi yake ya utumwa. Ndiyo njia mojawapo iliyoleta lugha yetu ya Kiswahili upande huu. Hata Msiri, aliyetawala Bunkeya mpaka alipouawa mwaka 1891, alikuwa mwana wa mfanya biashara kutoka Unyamwezi.

Tarehe 8 Novemba 1867 David Livingstone aliliona ziwa Mweru. Alikuwa akitafuta chemchemi za mto Nile, naye alidhani huenda maji haya ndiyo. Alikosea: yalikuwa ya mto Kongo. Aliendelea kuyafuata mpaka nguvu zilipomwisha, akafa mwaka 1873 karibu na vinamasi vya Bangweulu.

Mwaka 1894 Uingereza na mfalme Leopold wa Ubelgiji walipatana juu ya mpaka. Walichagua mstari uliokuwa rahisi kuchorwa, yaani mto Luapula. Mashariki ilikuwa ya Mwingereza, magharibi ya Leopold. Lakini watu walioishi huku na huko walikuwa ndugu, wenye koo zile zile na lugha zile zile. Hata leo mtu wa Kasenga hupanda mtumbwi akavuka kwenda Kashiba, upande wa Zambia, kumzika shangazi yake au kuuza mihogo, kama sisi tunavyokwenda mtaa wa pili. Nao samaki, ambao hawakuulizwa mwaka ule wa 1894, wamezidi kuogelea pande zote mbili.

MJI ULIOJENGWA NA SAMAKI

Mwaka 1910 reli kutoka kusini ilifika katika mji mpya wa Elisabethville, ambao tangu mwaka 1966 huitwa Lubumbashi. Kampuni ya Union Minière, iliyoanzishwa mwaka 1906, ilihitaji wafanyakazi maelfu kwa maelfu wa kuchimba na kuyeyusha shaba. Wengi walitoka katika bonde hilo hilo la Luapula. Watu hao walipaswa kula, na bukari peke yake hailiki bila kitoweo. Je, kitoweo kingetoka wapi?

Kilitoka Kasenga. Kati ya vita viwili vikuu vya dunia, Wagiriki wafanya biashara walikaa mjini hapo. Walikuwa watu waliozaliwa katika nchi ya bahari na visiwa, nao walijua kazi ya samaki. Walileta mashua zenye injini, wakanunua samaki kwa wavuvi wenyeji, wakawapanga katika barafu, na kuwapeleka Elisabethville kwa malori kabla hawajaoza. Kwa vijiji vya mbali, ambako barafu haikufika, samaki walipasuliwa, wakapakwa chumvi au kukaushwa kwa moshi.

Biashara hiyo iliwafaa watu wengi. Mvuvi alipata fedha za kodi, nguo na ada ya shule ya watoto wake. Mvulana wa kijiji aliyejua kushika kasia alipata kazi. Mitumbwi kutoka upande wa Waingereza ilivuka usiku na mchana kuuza Kasenga, kwa sababu ndipo palipokuwa na wanunuzi. Hivyo shaba ya Katanga ilichimbwa kwa mikono iliyopata nguvu kutoka mtoni. Wachache wanaosifu shaba ndio wanaokumbuka samaki!

MPUMBU ALIPOKWISHA

Sasa tumefika kwenye kiini cha habari yetu. Samaki aliyependwa kuliko wote alikuwa mpumbu. Ni samaki mnene, mwenye nyama tamu. Maisha yake yalikuwa hivi: kwa sehemu kubwa ya mwaka alikaa ziwani akinenepa. Mvua zilipoanza, na mto ukaanza kujaa, mpumbu kwa makundi makubwa waliliacha ziwa wakaupanda mto Luapula kwenda kutaga mayai katika maji ya mafuriko. Kila jike lilikuwa limejaa mayai.

Wazee wa kale nao waliwavua mpumbu wakati huo. Lakini nyavu zao zilisukwa kwa nyuzi za miti na mimea, nazo zilikuwa fupi na chache. Tena walivua kwa chakula cha nyumba zao na kwa kubadilishana na majirani. Samaki waliopita walikuwa wengi kuliko waliokamatwa, na waliopita ndio waliozaa wa mwaka ujao.

Soko la Elisabethville lilipokua, mambo yaligeuka. Nyavu za kununua dukani zilikuwa ndefu na imara. Wakati wa vita kuu ya pili, shaba ilitakiwa kuliko siku zote, wafanyakazi waliongezeka, na samaki walitakiwa pia. Mpumbu walipopanda mto walikuta nyavu mbele yao kutoka ukingo mmoja mpaka ukingo wa pili. Walikamatwa kabla ya kutaga, na mayai yao yakaliwa pamoja nao. Mwaka mmoja ulikuwa wa neema, na uliofuata pia. Kisha, mwishoni mwa miaka ya 1940, mvua zilinyesha kama kawaida, mto ukajaa kama kawaida, wavuvi wakatega kama kawaida, lakini yale makundi makubwa hayakuja.

Hakuna aliyekusudia kuwamaliza mpumbu. Mvuvi alifikiri ya kuwa akiwaacha yeye, mwenziwe wa ng'ambo atawakamata. Mfanya biashara alifikiri ya kuwa asiponunua yeye, atanunua jirani yake. Serikali za pande mbili zilifikiri ya kuwa amri ya upande mmoja haifai kitu bila amri ya upande wa pili. Nao walaji wa mjini, yaani wazazi na babu zetu, hawakufikiri lo lote. Walitaka samaki tu. Kila mmoja alikuwa na sababu yake, na sababu zote pamoja zikafanya msiba mmoja. Wahenga hawakukosea waliposema, mtaka yote hukosa yote.

CHISENSE, WADOGO WALIOTULISHA

Mungu hakuliacha bonde hilo tupu. Baada ya mpumbu wavuvi waligeukia samaki wengine, hasa mpale, yule samaki mpana ambaye wapishi wetu wamjua vema. Nyavu za nailoni zilipoingia katika miaka ya 1950, kazi ikawa rahisi zaidi, maana haziozi upesi kama zile za pamba.

Uhuru ulipofika mwaka 1960, Katanga iliingia katika misukosuko ya kujitenga mpaka mwaka 1963. Mwaka 1973 serikali ya Zaire ilitwaa biashara za wageni ikawapa wananchi, na hapo siku za Wagiriki wa Kasenga zikafifia. Malori yalipungua, barafu ikakosekana, njia ikaharibika.

Ndipo alipotokea mkombozi mdogo kuliko wote, yaani chisense. Ni samaki wa jamii ya dagaa, asiyefika urefu wa kidole. Tangu miaka ya 1970 hivi, uvuvi wake ulienea ziwani Mweru. Usiku usio na mbalamwezi wavuvi huwasha taa juu ya maji. Chisense huifuata nuru, nao huwazungushia wavu wenye matundu madogo. Asubuhi huanikwa mchangani, na jua likiwa kali hukauka siku hiyo hiyo. Chisense hahitaji barafu wala mtambo. Mwanamke mwenye gunia moja na nauli aweza kufanya biashara yake. Kwa sababu hiyo akina mama wengi, huku na ng'ambo, wamesomesha watoto na kujenga nyumba kwa samaki ambao wakubwa wa zamani hawakuwahesabu. Tena chisense huliwa mzima, pamoja na mifupa yake midogo, na hiyo yawafaa sana watoto wanaokua.

Lakini tuangalie tena. Matundu madogo ya wavu wa chisense hukamata hata watoto wa mpale na wa samaki wengine. Wengine hutumia vyandarua vya mbu, ambavyo havimwachi hata yule aliyetoka katika yai jana. Mambo haya yafanana na yale tuliyokwisha kusimulia, sivyo? Na kwa sasa katika masoko ya Lubumbashi samaki wa baridi kutoka bahari ya Namibia hushindana na samaki wa Kasenga. Tunaishi karibu na mto, tunakula samaki waliovuka jangwa.

NASI JE?

Upande wa Zambia sheria hufunga uvuvi tangu tarehe 1 Desemba mpaka mwisho wa Februari, ili samaki wapate kutaga. Ni jambo la akili, nalo lafanana na miiko ya wenye ziwa wa zamani. Lakini mto ni mmoja. Wavu uliokatazwa ukingo wa mashariki, ukitegwa ukingo wa magharibi, huharibu kazi ya wote wawili. Serikali za Kongo na Zambia zimepatana kujenga barabara kutoka Kasomeno mpaka Mwenda, pamoja na daraja juu ya Luapula. Juu zaidi mtoni, kule Chembe, nchi ya Zambia ilifungua daraja lake mwaka 2008. Madaraja ni mazuri, maana huleta watu pamoja na kushusha bei ya nauli. Lakini daraja litaleta pia malori mengi na wanunuzi wengi, kama zamani. Kabla ya kuunganisha barabara, yafaa watu wa kingo mbili waunganishe kalenda zao za uvuvi.

Na sisi wa Lubumbashi tusijidanganye kwamba haya ni ya wavuvi peke yao. Wataalamu wameyapima maji ya Lubumbashi na Kafubu, wakakuta ndani yake metali zitokanazo na machimbo na viwanda. Tena kuna takataka zetu wenyewe, tunazozitupa mtoni jioni tukidhani zimepotea. Hazikupotea. Tumekwisha kuufuata mto kwa kidole, twajua zinakokwenda.

Kanisa nalo limeunganisha nchi hizi mbili kwa namna yake. Mhashamu Fulgence Muteba Mugalu aliongoza jimbo la Kilwa-Kasenga tangu mwaka 2005, mpaka mwaka 2021 alipofanywa Askofu Mkuu wa Lubumbashi. Mchungaji aliyetoka mtoni alipanda njia ile ile ya samaki, akaja kuwalisha watu wa mji. Hata huyo tumempokea kutoka Kasenga!

Basi, wazazi, mnunuapo samaki sokoni, mkiona vitoto vya mpale vimejazwa katika sahani kwa bei ndogo, viacheni. Bei hiyo si ndogo. Watoto wenu ndio watakaoimalizia. Wanafunzi, mnaosoma habari za shaba na reli, ulizeni babu zenu kama waliwahi kumla mpumbu, mkaandike majibu yao kabla hayajasahaulika. Nanyi ndugu wavuvi wa Kasenga, ambao gazeti hili huwafikia pamoja na mizigo ya malori, fungeni nyavu wakati wa kutaga, hata kama jirani hajafunga bado. Mwenye kuanza ndiye mwenye haki ya kumwambia mwenziwe.

Nachituti alitoa kapu la udongo na chungu cha maji. Udongo tumeuchimba sana, tukapata shaba. Chungu nacho tumekipokea. Tukitunze kisipasuke mikononi mwetu.